Damu Nzito

Kidole kimoja hakivunji chawa,
lakini kimoja kikifa
mkono mzima hukaa matanga.

Changu kilianza kufa Azpeitia, Jumapili ya Februari,
tukiwa kumi na tisa kwa kumi na nane.
Niliupiga mpira kwa kisigino cha kiganja
kama ninavyoupiga tangu nina miaka tisa:
mpira wa ngozi ya mbuzi, moyo wake mbao,
unaorudi kutoka ukutani na hasira zake zote.
Sikusikia maumivu. Nilisikia baridi.
Kidole cha nne kikageuka rangi ya mshumaa.
Nikakipulizia, nikacheza, tukashinda.
Xanti akanibeba begani. Mkono nikauficha mfukoni.

Wiki tatu niliuficha mfukoni.
Kwa Eneritz nilisingizia zirimiri,
manyunyu yetu yasiyonyesha wala kuanuka.
Kwa wenzangu wa karakana nilisingizia bisibisi.
Kikombe kikaniponyoka. Kisha funguo.
Kisha usiku mmoja mke wangu akakishika usingizini,
akazinduka akiuliza, "Hiki ni cha nani?"

Donostia, ghorofa ya tatu. Daktari Lizarralde,
mwanamke mfupi, miwani yake ina kamba.
Kunja ngumi. Akaibana mishipa miwili ya kifundo.
Fungua. Kiganja cheupe kama unga.
Akaachia upande wa dole gumba: wekundu ukapanda,
ukafika nusu ya mkono, ukasita.
Akabana tena, akaachia upande wa pili.
Tukangoja.
Saa ya ukutani ilikuwa na kelele.
Hakikuja kitu.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Yangu ilizidi. Ilisimama katikati ya njia
kama lori lililovunjika ekseli.

Nilijiandaa kwa kisu. Mchezaji hukielewa kisu:
kinaingia, kinatoka, kinakuachia kovu la kutambia baani.
Yeye alitoboa kwenye kiwiko tundu dogo kuliko punje ya dengu,
akapenyeza mrija mwembamba kuliko tambi.
"Usicheke," alisema, "ukitikisika napotea njia."
Nani alikuwa anacheka?

Nilikuwa macho. Hakuna aliyenionya
kwamba mtu anaweza kuutazama mkono wake kutoka ndani.
Akasukuma rangi; joto likatambaa hadi kwenye kucha,
si kucha zote. Kwenye skrini mifupa ilisimama kama ukungu,
na pale, kando ya kifupa chenye ndoana,
mshipa wangu ulijisokota kama kizibuo cha mvinyo
halafu ukakoma. Mbele yake, patupu.
"Hapo ndipo ulipokuwa unapigia," alisema.
Miaka thelathini na miwili,
mahali padogo kuliko njegere.

Dawa ikapita tone kwa tone usiku kucha.
Nesi Oihana alikuja kila saa, akakishika, akaandika.
Saa saba: baridi.
Saa nane: baridi.
Saa tisa hakuandika. Alikishika tena.
Saa kumi kikaanza kuuma,
kuuma kweli, kama mtoto aliyefungiwa nje
anayegonga mlango kwa mateke,
nami nikalia, nikamwomba Oihana
asiniletee kidonge, asiniletee kwanza.

Asubuhi picha nyingine: uzi mmoja mweusi,
mwembamba, umepinda, unafika.
Nikauliza nitacheza lini.
Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mkono umefunguka," alisema. "Ukuta haujabadilika."

Sasa Jumapili nakaa jukwaani, safu ya tatu.
Xanti anataka kuona kovu.
Nakunja shati hadi juu ya kiwiko.
Anatafuta. Anavaa miwani, anatafuta.
Narudisha mkono mfukoni, kwa mazoea tu,
umo humo, moto kama mkate,
na kila mpira unapogonga ukuta
kidole cha nne kinaruka chenyewe.